Kiti Kilichosogezwa Mbele

Siku mke wangu aliposema anataka kujifunza gari, nilikuwa nakunywa chai, na chai ikanipalia. Si kwamba nilimcheka. Wanawake wanaendesha, wengine wanaendesha malori, na mimi niliyeshona viti vya magari tangu ndevu hazijaota nimewashonea wengi tu. Ila huyu wangu, tangu tuoane, kazi yake ndani ya gari ilikuwa kukaa pembeni yangu na kuniambia punguza mwendo. Mbuzi hajatokeza kichwa barabarani yeye ameshamwona, ameshanyoosha mguu anakanyaga breki ambayo upande wake haipo. Kapeti ya pale chini imetoboka, si utani, ina tundu la kisigino.

Chanzo chake kilikuwa macho yangu. Daktari alinikalisha kwenye kile kimashine cha taa, akaniambia nina presha ya macho. Nikamwambia presha yangu naijua, iko mwilini, nakunywa dawa. Akasema hii nyingine. Kwa kweli nilikuwa nimeshaona mambo hayaendi sawa. Mbele naona, lakini pembeni kote kumekuwa giza, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Akanipa dawa ya matone, akasema matone yanalinda kilichobaki, kilichokwenda ndiyo kimekwenda, na usukani niuache siku hiyo hiyo. Nikauacha. Sikuwa na ubishi, maana wiki moja kabla nilikuwa nimemkosakosa mtu wa baiskeli, na yule kijana alinitukana matusi ambayo hata kwenye karakana sijayasikia.

Sasa binti yetu akaja. Tunaye mmoja, ni mwalimu wa watoto wadogo, anakaa ng'ambo ya pili ya mji, na kwa umbo ni mama yake mtupu: mfupi, mwepesi, na akisimama kuongea unajikuta umenyoosha mgongo kama uko darasani. Hakuja kwa shari. Alikaa, akala, akatueleza pole pole kwamba wazee wawili kukaa huku mwisho wa mji, hospitali mbali, duka mbali, na gari halina dereva, yeye halali. Akasema chumba ametuandalia, ameshakipaka rangi. Shule zikifungwa atakuja na gari la mizigo atuhamishe. Na hili gari letu bovu liuzwe.

Mama yake alikuwa anafuta meza. Akafuta pale pale alipokwisha kufuta. Akamuuliza mwanawe, kwa hiyo shida ni dereva? Binti akasema shida ni dereva. Akaongeza, na maneno haya nayakumbuka kwa sababu ndiyo yaliyotuendesha mbio wiki zile zote: "Mmoja wenu akipata leseni, Mama, mimi nafunga mdomo. Kaeni hapa mpaka mchoke."

Alidhani anafunga mjadala. Hamjui mama yake.

Mke wangu alianza kwenye shule ya udereva ya pale mjini. Akakata leseni ya kujifunzia, akaenda siku mbili, ya tatu akagoma. Mwalimu alikuwa kijana mwenye haraka, ana pedali zake upande wake, na kila mke wangu akitaka kufunga breki, yeye ameshafunga. Akitaka kukata kona, kijana ameshika usukani kwa kidole. Akasema, nimepandishwa gari kama mzigo, nikazungushwa, nikashushwa, sijaendesha kitu. Akabaki kununa pale ukumbini na kile kikaratasi cha leseni mkononi.

Aliyetutoa hapo ni jirani yetu Twiga. Twiga ni fundi wa kuchomelea, jina lenyewe linajieleza. Akiingia kwetu anainama mlangoni na bado anajigonga. Yeye ndiye alikuwa anatuendeshea gari tangu nilipozuiwa. Akasema kuna klabu ya watu wenye magari ya zamani, yeye huwachomelea bodi zao, na kila mwaka wanafunga uwanja ule mpana yalipokuwa yanalala malori, wanapanga koni, wanafundisha watu wasiojua kabisa. Mtu anakuja na gari lake mwenyewe, anapewa mwanachama mmoja wa kukaa naye siku nzima, na huyo mwanachama hana pedali, ana mdomo tu. Mke wangu akaacha kununa. Akasema, hapo sawa, midomo nimeizoea. Akanitazama.

Ila kujiandikisha ni mapema, Twiga akasema, siku yenyewe langoni hawapokei mtu.

Basi mimi, kwa kutaka sifa, kesho yake nikavaa shati la kutokea, nikamwambia Twiga twende, nikamwandikishe mama bila yeye kujua, arudi kutoka sokoni akute mambo yamekwisha. Ofisi ya klabu ni chumba kimoja nyuma ya kituo cha mafuta. Katibu wao ni mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, na mezani kwake ametumia pistoni kuzuia karatasi zisipeperuke. Akanipa shikamoo yake, nikaitikia, nikamweleza shida yangu. Akauliza mwanafunzi yuko wapi. Nikasema yuko sokoni. Akauliza gari liko wapi. Nikasema hapo nje. Akavua miwani.

"Sasa mzee wangu, umekuja kufunga ndoa na bibi harusi umemwacha nyumbani?"

Akanieleza kwamba wao wanaandikisha mtu na gari kwa pamoja, wote wawili wakiwa mbele yao. Zamani walikuwa wanapokea yeyote tu. Halafu mwaka jana alikuja mtu siku yenyewe ya mafunzo na gari ambalo hakuna aliyelikagua, alipokanyaga breki kiti kikateleza nyuma, mguu ukaachana na breki, akasomba koni zote na meza ya chai. Hakuumia mtu, ila birika hawakuliona tena. Tangu hapo mwanafunzi anakalishwa kwenye gari lake kwanza, anakaguliwa alivyokaa, ndipo anapata nafasi. Mwisho wao Jumamosi adhuhuri.

Nikarudi kwa shingo upande, nikamwambia mama. Wala hakunishukuru kwa safari yangu. Alisema tu, ungeniuliza.

Kesho yake tukaenda watatu. Hapa lazima niwaelezeni kuhusu kiti changu, maana bila hicho hamtaelewa.

Gari letu ni la zamani, tulilinunua likiwa la zamani. Reli za kiti cha dereva, zile zinazokifanya kiende mbele na nyuma, zililiwa na kutu kitambo. Nikazitoa, nikakifunga kiti sakafuni kwa bolti, nyuma kabisa, kwa kuwa nina miguu mirefu na mgongo mbovu. Halafu nikaanza kukishona. Kila mwaka nikipata kipande kizuri cha sponji kwenye karakana, naongeza. Hapa kiunoni nimejaza, hapa chini ya paja nimepunguza, huku bega la kushoto linaloniuma nimechimba kidogo. Kikawa kama kiatu kilichovaliwa na mtu mmoja. Watu wakikaa humo wanalalamika, wanasema kimepinda. Kimepinda ndiyo, na mimi nimepinda hivyo hivyo.

Na tangu daktari anizuie, jioni nilikuwa naenda kukaa humo. Gari limezimwa, liko pale uani, nimefungua mlango mguu mmoja nje, nasikiliza redio. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Mkaguzi wa klabu ni mzee mfupi, mkimya, ana ovaroli safi kuliko shati langu la kutokea. Alimwambia mke wangu aingie, aegemee kabisa, akanyage klachi mpaka chini. Mke wangu akaegemea. Mguu ukanyooka, ukacheza hewani kama wa mtoto aliyepandishwa kwenye kiti cha kinyozi. Akajivuta mbele, klachi ikaingia, lakini mgongo umeachana na kiti na kidevu kiko kwenye usukani. Mkaguzi akatikisa kichwa. Mimi nilikuwa nimejiandaa. Nikatoa mto kwenye buti, mto mzuri, nilioushona usiku wa jana yake, nikaupachika nyuma ya mgongo wake. Sasa mguu ukafika. Nikamtazama yule mzee kama mtu anayesubiri makofi.

Akaushika mto kwa vidole viwili, akauvuta. Ukatoka wote, na mke wangu akarudi nyuma, mguu ukaachia klachi.

"Mto si kiti," akasema. Ndiyo maneno yake, nadhani ndiyo mengi kuliko yote niliyomsikia akisema siku ile. Alipomaliza akamwonyesha Twiga kwa mkono: kiti kije mbele hivi, kipande juu hivi, kifungwe sakafuni. Vinginevyo hawaandikishi.

Njiani mimi ndiye niliyesema sana. Nikasema yule mzee ana mambo, nikasema nitashona mto mwingine wenye kamba, nitaufunga huku na huku, hautoki hata uvutwe na trekta. Twiga akakohoa. Tulipofika nikaingia kazini moja kwa moja, nikatoa sponji, nikatoa kamba.

Mke wangu alinikuta hapo mchana, nimekaa chini, kamba zimenizonga miguuni. Akasimama mlangoni na kitambaa chake cha vyombo begani.

"Baba, unanishonea mto, na kiti chako umekikumbatia."

Nikamwambia kiti si hoja. Nikamwambia kikisogezwa mbele kitaharibika, kimeshakaa pale miaka, sakafu yenyewe haitabiriki. Nikasema pia kwamba madaktari hawajui kila kitu, huenda mbele ya safari wakapata dawa nyingine, na mgongo wangu huu nitaanza upya wapi. Nilipofika hapo nikajisikia mwenyewe ninachokisema.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikuja akakaa kwenye kile kigoda changu cha kazi, akaniambia kwamba anajua naenda kukaa mle jioni, ananiona dirishani. Akasema hakitaki kiti changu. Angepata njia ya kuendesha akiwa amekaa kwenye ndoo, angekalia ndoo. "Ila ule mlango wa chumba alichotupakia rangi mtoto," akasema, "tukiingia pale, hutakuwa na gari la kukaa wala ua wa kuliweka." Akainuka akaenda kuanua nguo.

Nilikaa nikiutazama ule mto. Mto wenyewe nilikuwa nimeushona vibaya, mshono umekwenda mrama. Nikauweka pembeni, nikachukua spana.

Bolti tatu zilikubali kwa amani. Ya nne ilikuwa imeshikana na kutu, nikaimwagia mafuta, nikaibembeleza, nikaitukana, mwisho ikalia kidogo ikaachia. Nikakitoa kiti nje, nikakiweka kwenye mkeka. Kiti changu nje ya gari kilionekana kidogo, kibaya, kama mtu aliyevuliwa kofia. Nikapiga moyo konde, nikapasua mshono wa kwanza, baada ya hapo ikawa ni kazi kama kazi nyingine.

Nikamwita mama nimpime. Akasema, unanipima nini, hunijui? Nikamwambia mteja hapimwi kwa maneno, kaa. Nikapima kutoka goti mpaka kisigino, nikapima paja, nikapima kutoka kiunoni hadi shingoni. Nimelala na mwanamke huyu maisha yangu yote ya utu uzima, nilikuwa sijui kwamba mguu wake wa kulia ni mfupi kidogo kuliko wa kushoto. Yeye alikuwa anajua. Akasema ndiyo maana viatu vyake vinaliwa upande. Nikamwambia na hukuwahi kusema. Akasema ningemwambia nani, fundi viti?

Basi tukafanya kazi wote. Yeye anatunga uzi kwenye sindano, maana kitundu kile mimi nimeshakiaga, mimi nashona. Sponji yangu nikaichomoa yote, nikakata nyingine ngumu, nikaipandisha huku mbele ili mguu wake mfupi upate kuegemea. Mara kwa mara anakalia, anasema hapa pananichoma, tunafungua tena. Ijumaa mchana Twiga akaja na mashine yake. Akakata vyuma vinne, akavichomelea sakafuni kule mbele, miguu ya kiti juu yake, cheche zinaruka mpaka kwa kuku. Akakitikisa. Hakikutikisika. Akasema hiki sasa labda gari lote ling'oke.

Mke wangu akaingia. Akaegemea. Klachi chini, breki chini, mafuta chini. Akaona mbele juu ya usukani bila kunyoosha shingo. Alitabasamu akawa kama msichana mwenye jambo lake. Tukapongezana, Twiga akaletewa chai, tukakubaliana kesho saa tatu asubuhi tuondoke, tuwahi kabla ya adhuhuri. Twiga akasema ngoja nilitoe gari uani kabisa leo, nililaze karibu na geti.

Akafungua mlango. Akaingiza mguu mmoja. Akasimama hapo.

Jamani, watu watatu wazima, siku mbili tunapima, tunakata, tunachomelea, hakuna hata mmoja aliyefikiri nani atalipeleka lile gari klabuni. Twiga alijikunja, akajipinda, akaingia kinyume, mwisho akawa ndani, magoti yako huku na huku ya usukani kama panzi, kichwa kimebinuka kwenye paa. Akajaribu kugeuza usukani, ukagoma kwenye goti. Mke wangu akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaacha kucheka, kwa sababu aliona nilichokiona.

Twiga akasema atakata vyuma asubuhi na kuvirudisha nyuma. Nikamwambia virudi nyuma tukaandikishe nini. Twiga bado yumo ndani, anatafuta jinsi ya kutoka.

Mtu tunayemjua mwenye leseni na mwenye miguu mifupi kama ya mke wangu alikuwa mmoja tu. Mke wangu akasema yeye hapigi simu. Akasema nikimwita mtoto aje atusaidie kumshinda mwenyewe, atafikiri tumechanganyikiwa. Kwa hiyo nikapiga mimi. Nilimweleza yote, mto, kiti, Twiga kama panzi. Akasema anakuja, akakata.

Jumamosi alishuka kwenye teksi mapema kuliko nilivyotegemea, amevaa viatu vya kazini. Akamwamkia mama yake, akaniamkia, hakuuliza habari za kulala. Akaenda moja kwa moja kwenye gari, akakaa. Alikaa tu, hakugusa kitu, na miguu ikafika yenyewe, mgongo ukatulia. Nikamwona anapitisha mkono chini ya paja, kwenye mshono.

"Hiki kakishona nani?"

"Mimi."

"Na wewe, Baba, utakaa wapi?"

Nikamwambia nyuma, nikaingia. Akanitazama kwenye kioo, halafu akawasha gari.

Klabuni kulikuwa na foleni ya watu na magari yao, kila mtu amelipangusa lake. Zamu yetu ilipofika, binti akashuka, mama yake akaingia. Mkaguzi akamkanyagisha pedali zote, mara mbili mbili. Akashika kiti kwa nyuma, akakitikisa kwa nguvu za mwili mzima. Gari likayumba, mimi nikayumba nalo, kiti kikabaki kimya. Akachuchumaa mbele ya gari, akanyoosha vidole, akamwuliza vingapi. Mke wangu akajibu vitatu, na kimoja kina jeraha, kaweke dawa. Mkaguzi akatazama kidole chake. Akampungia mkono katibu.

Katibu akaja na karatasi zake, akauliza swali ambalo huwa wanamwuliza kila mtu, ili wajue wamkabidhi kwa mwalimu gani: kwa nini anataka kuendesha? Mwenye hofu wanampa mpole, mwenye haraka wanampa mzito.

Mikono ya mke wangu ilikuwa bado kwenye usukani. Binti alikuwa amesimama pale pale mlangoni.

"Nataka nikiamka niwe nimeamka kwangu," akasema. "Na siku huyu akizidiwa, nimpeleke mwenyewe, nisimwamshe mtoto na kesho yake ana darasa."

Katibu akasema, huyu tunampa mpole. Akaandika. Kisha akauliza nani ataleta gari siku ya mafunzo, kwa kuwa mwanafunzi barabarani haruhusiwi kuendesha peke yake. Mke wangu akanigeukia, nami nikageukia upande mwingine, kwani Twiga ilikuwa imeshathibitika hawezi.

"Nitamleta mimi," binti akasema. Akataja namba yake ya simu pole pole, kama anavyowatajia watoto, mpaka katibu akaimaliza. Mkaguzi akabandika kikaratasi kwenye kioo cha mbele, mke wangu akakigusa pembeni kuhakikisha kimeshika.

Tulipokuwa tunarudi, waliokaa mbele walikuwa wao wawili, wote wafupi, mimi nyuma naona barabara yote juu ya vichwa vyao. Mama yake akawa anamuuliza gia ya tatu inaingia lini, naye anamwonyesha. Nikasubiri waongee habari za kuhama, hawakuongea, mwisho nikauliza mimi. Nikasema, na kile chumba?

"Baba, sijasema mnabaki. Nimesema nitamleta." Akabadilisha gia. "Akipata leseni nafunga mdomo, nilisema. Chumba kitasubiri, rangi haiozi."

Mke wangu akacheka, akageuka kuniuliza kama nimekaa vizuri huko. Nikamwambia ukweli. Kiti cha nyuma cha lile gari ni adhabu. Springi mbili zimekatika, katikati kuna shimo, na ukipita kwenye bonde kinakurusha unagonga paa. Miaka yote ile nilikuwa dereva, ningejuaje. Nikawaambia wapite karakana ya rafiki yangu, kama ana sponji nzuri tuibebe kabisa, Jumatatu nianze.